Samaki wapo, vifaranga hawapo: homoni bandia kwenye maji na tope la maziwa

Anayezalisha vifaranga vya sato anajua jambo ambalo wengi wetu hatujawahi kuliwazia. Mteja anayekuja na ndoo kununua vifaranga vya kupandikiza bwawani au kwenye kizimba hataki majike. Majike wakichanganyika na madume, bwawa hujaa vitoto muda si mrefu, chakula hakitoshi, wote wanadumaa, na siku ya kuvuna mfugaji anaambulia samaki wa ukubwa wa kiganja. Anataka madume watupu, na madume watupu hawachaguliwi mmojammoja. Wanatengenezwa.

Namna yake ni hii. Homoni ya kiume iliyoundwa kiwandani, methiltestosteroni, huyeyushwa kwenye spiriti, ikachanganywa na chakula cha ungaunga, kisha chakula kikaanikwa kivulini hadi spiriti iruke. Kipimo kilichozoeleka ni miligramu 60 kwa kilo nzima ya chakula, uzito wa kama sehemu ya kumi ya kidonge kimoja cha panadol. Vifaranga huanza kulishwa mara tu wanapoweza kuogelea na kula wenyewe, kwa siku 21 hadi 28, basi. Hawapewi tena maisha yao yote. Karibu wote wanakuwa madume, hata wale ambao kwa kurithi walipaswa kuwa majike. Na ukichelewa, ukaanza kuwapa wakiwa na miezi miwili, umeitupa homoni yako bure.

Kiasi kidogo mno, na wakati wenyewe. Ukishika hayo mawili, habari ya kemikali zinazovuruga homoni kwenye maziwa haitakusumbua sana, maana kinachofanywa kwa makusudi kwenye tangi la vifaranga kimewahi kuyapata maziwa mazima kwa bahati mbaya, tena kwa kemikali ambazo aliyezinunua alidhani ananunua dawa ya wadudu au sabuni.

Homoni ni kama mbiu ya mgambo. Tezi inapiga, damu inaisambaza mwili mzima, na kila chembe hai yenye sikio la kuisikia inaacha shughuli zake na kutii: huku yai likomae, kule mfupa urefuke, pengine ini lianze kutengeneza kitu ambacho jana halikukitengeneza. Mbiu haihitaji kuwa na sauti kubwa. Homoni kwenye damu hupimwa kwa sehemu za bilioni za gramu, na inatosha. Sasa, chembe haina namna ya kumuuliza mpigaji kitambulisho. Kemikali ya nje ikiwa na umbo linalokaribiana na la homoni, chembe inasikia mbiu na inatii. Ndivyo zifanyavyo zile zinazoiga estrojeni, homoni ya kike. Nyingine hazipigi mbiu yoyote, zinaziba masikio. DDE, mabaki ya dawa ya wadudu ya DDT, hukaa mahali ambapo testosteroni ingekaa, na dume aliyejaa testosteroni anabaki kama hana. Hilo lilithibitishwa maabara mwaka 1995. Nyingine zinaharakisha ini livunje homoni halali kabla haijafika, au zinagombana na homoni za tezi ya shingo.

Jina la pamoja la kemikali hizi, “zinazovuruga homoni”, ni changa kuliko kemikali zenyewe. Lilitoka mwaka 1991 kwenye kikao cha wanasayansi huko Wisconsin, Marekani, aliyekisukuma akiwa Theo Colborn. Mama huyu alikuwa amepitia tafiti za wanyama wa yale Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, akaona mambo ambayo hayakufanana na sumu ya kawaida: ndege wazima walionekana wana afya, lakini mayai yao hayaanguliwi, au makinda wanatoka na midomo iliyopinda. Sumu iliwaruka wazazi ikawapata watoto. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani na lile la Mazingira la Umoja wa Mataifa walihesabu kemikali karibu 800 zinazojulikana au kushukiwa kuvuruga homoni, na wakasema wazi kwamba ni sehemu ndogo tu ya zilizopo sokoni iliyowahi kupimwa kwa jambo hilo.

Ushahidi ninaouheshimu kuliko wote, hata hivyo, haukutoka kwenye ajali. Ulitoka kwenye ziwa lililochafuliwa kwa makusudi.

Kaskazini-magharibi mwa jimbo la Ontario, Kanada, kuna eneo la vijiziwa 58 lililotengwa tangu mwaka 1968 kwa majaribio. Kimoja hakina hata jina, kinaitwa Ziwa 260, hekta 34 hivi. Kwa miaka mitatu, 2001 hadi 2003, timu ya mtafiti Karen Kidd ilikuwa inatia humo estrojeni ileile iliyomo kwenye vidonge vya uzazi wa mpango, mara tatu kwa wiki, miezi yote ambayo ziwa halijaganda barafu. Walilenga kiwango kinachoweza kukutwa kwenye maji ya mto chini ya mtambo wa kusafishia majitaka. Wakafika kwenye nanogramu 5 hadi 6 kwa lita.

Tuishushe nyumbani namba hiyo. Kidonge kimoja cha uzazi wa mpango kwa kawaida kina maikrogramu 30 za estrojeni hii. Chukua lile tangi jeusi la lita 5,000 linaloonekana juu ya nyumba kila mtaa, lijaze, tumbukiza kidonge kimoja kiyeyuke chote. Umepata nanogramu 6 kwa lita. Hakuna ulimi utakaoonja, wala kipimo cha kawaida cha maji kitakachosema neno.

Ziwani kulikuwa na samaki mdogo, wa urefu wa kidole, anayeishi miaka miwili mitatu na mara nyingi huzaa msimu mmoja tu katika maisha yake. Msimu wa kwanza wa jaribio haujaisha, madume wake walikuwa wamejaa vitelojenini, protini ya kutengenezea kiini cha yai. Dume analo ini linaloweza kuitengeneza, ila siku zote haliambiwi. Safari hii liliambiwa. Dume hana yai la kuiweka, basi protini ikarundikana mwilini mwake, figo zikaumia. Korodani zilichelewa kukomaa, na za baadhi ya madume zikaonekana zina mayai machanga ndani yake.

Samaki wazima hawakuelea juu wakiwa wamekufa. Angepita mvuvi asingeona kitu. Ila baada ya msimu wa pili wa kutia homoni, nyavu za utafiti zilianza kukosa watoto: wakubwa wapo, wa mwaka huo hawapo. Kwa samaki anayezaa msimu mmoja na kufa, hiyo ni hukumu ya kunyongwa. Idadi ikaporomoka hadi karibu kuisha kabisa. Kisha trauti, samaki mkubwa aliyekuwa akiwala hawa wadogo, naye akapungua kwa kukosa kitoweo, ingawa homoni yenyewe haikumfanyia makubwa. Na wadudu wa majini waliokuwa wakiliwa na wale wadogo wakaongezeka. Kidonge kimoja kwa tangi, na ziwa zima limebadilisha nani anakula na nani analiwa.

Hapa lazima nichomekee kitu, kwa sababu habari hii ikifika mitandaoni kwetu hugeuzwa mara moja kuwa “vidonge vya akina mama vimeharibu samaki”. Estrojeni ya vidonge ni kali, sawa, lakini majitaka ya mji wowote yana pia estrojeni za asili ambazo kila mwanamke, kila mwanamume na kila ng’ombe huzitoa kwenye mkojo, na kwa wingi wa gramu zinaizidi mbali ile ya vidonge. Juu yake kuna mabaki ya viwandani. Nonilifenoli, kwa mfano, hutokana na aina fulani za sabuni za viwandani. Iligundulika kuwa inaiga estrojeni mwaka 1991, pale watafiti wawili wa Boston, Ana Soto na Carlos Sonnenschein, walipoona chembe za saratani ya matiti zinaongezeka kwenye mirija ya plastiki ambayo hawakuwa wametia homoni yoyote. Mirija yenyewe ilikuwa inavujisha hiyo nonilifenoli. Tatizo ni majitaka yasiyosafishwa, na anayelibebesha vidonge peke yake ana lake jambo.

Turudi Kanada, maana kuna mwisho usiotarajiwa. Homoni ilipoacha kutiwa, Ziwa 260 lilianza kupona. Ilichukua miaka kadhaa, lakini wale samaki wadogo walirudi. Estrojeni ya vidonge haidumu sana majini. Jua na bakteria huivunja. Kinachoifanya ionekane ya kudumu kwenye mto wa mjini ni kwamba kila siku inaletwa mpya. Funga bomba, na maji yatajisafisha.

Kuna kundi jingine halifungiki hivyo.

Umewahi kuweka mchuzi wa mawese kwenye kontena la plastiki? Unaosha, unasuuza, maji yanatoka meupe kabisa, na kontena limebaki la rangi ya machungwa hadi siku utakayolitupa. Mawese hayataki maji, yanataka kitu cha asili yake. DDT na jamaa zake ni hivyohivyo. Ukizimwaga ziwani haziogelei. Zinang’ang’ania chembe za mboji na mimea iliyooza, zinazama nazo, zinakaa kwenye tope. Ndiyo maana chupa ya maji iliyotekwa juu ya ziwa inaweza kurudi maabara na majibu mazuri, huku mita chache chini yake pakiwa na shehena ya miaka 40.

Tope nalo halijafa. Funza wa usubi wanaishi ndani yake, wanalila. Samaki wadogo wanawala funza, samaki wakubwa wanawala wadogo, ndege wanamaliza. Kila mlaji anatoa maji na taka mwilini, lakini sumu inayopenda mafuta anaiweka akiba kwenye mafuta yake. Mfano unaonisisimua ni wa Clear Lake, California, kwa sababu walioingia taabuni walikuwa wanapigana na wadudu ambao mkazi wa Musoma au Kisumu anawajua. Usubi wa huko, ndugu wa karibu wa baadhi ya wale wanaopanda juu ya Ziwa Victoria kama moshi, walikuwa wanawakera watalii. Mwaka 1949, kisha 1954 na 1957, ziwa likatiwa DDD, pacha wa DDT, kwa kiwango cha chini sana: mara ya mwisho kama sehemu 20 kwa bilioni. Kwenye mafuta ya vibisi, wale ndege wapiga mbizi, ilikutwa sehemu 1,600 kwa milioni, yaani mara 80,000 ya ile ya majini. Jozi zaidi ya 1,000 zilizokuwa zikitaga pale zikabaki kama 30, nazo kwa miaka hazikuonekana na makinda. Na ni homoni kweli? Aina moja ya hiyo DDD inaziua chembe za tezi za homoni zilizo juu ya figo kiasi kwamba madaktari waliigeuza dawa ya saratani ya tezi hizo, na hadi leo inatumika.

Lakini kisa kilichoufanya ulimwengu ushtuke ni cha Ziwa Apopka, Florida, karibu na Orlando. Ziwa kubwa, kilomita za mraba zaidi ya 120, lakini kina chake ni cha kumfika mtu mzima kidevuni. Upande wa kaskazini, tangu miaka ya 1940, vinamasi vilikaushwa vikawa mashamba ya mboga, udongo mweusi wa mboji, na maji ya mashambani yalirudishwa ziwani na dawa zake zote. Mwaka 1980 kiwanda cha jirani, Tower Chemical, kikamwaga dikofoli, dawa ya utitiri iliyokuwa imechanganyika na DDT. Miaka michache baadaye waliokuwa wanahesabu aligeta, hao ndugu wa mamba wetu, wakakuta watoto wamepungua kwa karibu asilimia 90.

Louis Guillette wa Chuo Kikuu cha Florida akaenda kutazama. Mayai mengi hayakuanguliwa. Waliotoka, wenzao wa Ziwa Woodruff wakiwa kipimo cha kulinganishia, walikuwa hawafanani na chochote kwenye vitabu: majike wachanga wenye estrojeni karibu maradufu ya kawaida na ovari zenye mifuko iliyobeba mayai kadhaa badala ya moja, madume wenye testosteroni pungufu zaidi ya mara tatu, na uume mdogo kwa takribani robo. Hawa hawakumwagiwa dawa. Walikuwa hawajazaliwa kiwanda kilipomwaga. Mama alikula samaki, samaki alikula vya kwenye tope, mafuta ya mama yakaingia kwenye kiini cha yai, na mtoto akajengewa mwili ndani ya kiini hicho.

Aligeta, kama mamba, hana kromosomu za kumpangia jinsia. Joto la kiota ndilo linaloamua, na linaamua katika siku chache za katikati ya kuatamiwa. Ni kama zile siku za sato wetu kwenye tangi. Ukikanyaga zege lililokauka, unaacha vumbi, litafagiwa. Ukikanyaga zege bichi, wajukuu watauona unyayo wako. Ule msemo wa kale kwamba kipimo ndicho kinachofanya sumu bado ni kweli, ila haujamaliza maneno, kwa sababu kipimo kilekile kinaweza kumpita mzazi bila kumgusa na kumfumua mwanawe. Wanasayansi wameendelea kubishana ni sehemu gani ya balaa la Apopka ilitoka kiwandani na ipi mashambani. Mimi naona mashamba yalistahili lawama kubwa kuliko yaliyopewa, kwa sababu ya kilichofuata.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali iliyanunua mashamba ili kuyarudisha kuwa kinamasi. Vibarua walioyalima kwa miongo, wengi wao Wamarekani weusi, Wahaiti na wahamiaji kutoka nchi za Kilatini, waliachishwa kazi. Mwaka 1998 mashamba yakafunguliwa maji. Samaki wakaingia, na ndege wakaja kwa maelfu, wakahesabiwa kwa furaha. Majira ya baridi hayo walikufa zaidi ya 600 kati yao, wengi wakiwa mwari weupe, miili yao ikiwa na toksafeni, dieldrini na DDE. Dawa hizo zilikuwa zimeshapigwa marufuku miaka mingi nyuma, DDT tangu 1972. Udongo ulikuwa umezitunza, na maji yalipofika yakazifungulia mlango. Ilibidi baadaye matrekta yenye majembe ya ajabu yaupindue udongo ekari kwa maelfu, wa juu ukazikwe chini, ndipo maji yakarudishwa tena.

Ziwa Victoria ni kilomita za mraba karibu 68,800. Halipinduliwi na trekta. Na lina tabia moja inayostahili kutajwa: maji yake mengi hayatoki kwa mto Nile pale Jinja, yanaondoka kwa mvuke, na mvuke haubebi mabaki ya sabuni wala tope. Mji ulioko ufukweni unaomwaga majitaka yasiyosafishwa, mkulima wa bondeni anayepiga dawa kabla ya mvua, mama anayefua juu ya mwamba, hata yule mzalishaji wa vifaranga anayefungua kizibo cha tangi lenye chakula kilichobaki, wote wanaweka kwenye akaunti ambayo karibu haina mahali pa kutolea. Ulaya ilishawahi kufunga mlango kwa sangara wetu, mwaka 1999, baada ya taarifa kwamba kuna watu wanavua kwa kumwaga dawa za wadudu majini. Wakati ule swali lilikuwa la sumu inayoua papo hapo. Hili la homoni ni la polepole zaidi, na maabara zetu nyingi za maji hupima vijidudu vya kinyesi, uchachu, amonia, pengine madini mazito, kisha karatasi inagongwa mhuri.

Kipimo kipo, na si lazima kiwe cha mamilioni. Mwaka 1996 huko Uingereza walipandikiza kipokezi cha estrojeni cha binadamu ndani ya hamira. Unaitia hamira hiyo kwenye sampuli. Kama kuna chochote kinachopiga mbiu ya estrojeni, hata usichokijua jina, rangi hugeuka kutoka njano kwenda nyekundu. Kwa tope, watafiti huzamisha bomba refu na kulitoa likiwa na tabaka za miaka kama keki, wakazisoma: hapa DDT inaanza, hapa inapanda, hapa inashuka. Upande wa kuzuia, Uswisi tangu 2016 inavifungia vituo vyake vikubwa vya majitaka mitambo ya ozoni au ya mkaa maalumu, kwa ada isiyozidi faranga 9 kwa kila mkazi kwa mwaka.

Na jikoni je? Kuchemsha maji hakusaidii kwa kemikali hizi. Kunaua vijidudu, ambao kwetu bado ndio adui wa kwanza, basi endelea kuchemsha. Kwa zile zinazokaa kwenye mafuta, samaki mdogo aliyeishi muda mfupi hubeba kidogo kuliko mkubwa mzee. Sangara wa kilo 20 ukimkata, yale mafuta meupe ya tumboni na ya chini ya ngozi ndiyo ghala. Ukiyatoa, au ukimchoma mafuta yakadondokea motoni, umepunguza. Najua wengine mtasema hayo mafuta ndiyo utamu wenyewe.